Umehesabu "walimu" au "walimuuliza"?

Siku hizi kuhesabu maneno kumekuwa rahisi kama kuchemsha chai. Mtu anapakua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, za Bunge la Tanzania, anazigeuza kutoka PDF kuwa maandishi matupu, anaandika programu ya mistari mitano, kisha anatuletea mchoro wa nguzo za rangi: wabunge wamewataja walimu mara nyingi kuliko wakulima. Tunasambaza. Mtangazaji wa asubuhi anaisoma redioni. Kufikia jioni imeshakuwa ukweli, na mtu wa kuupinga aje na mchoro wake.

Mimi huwa na swali moja tu, nalo huwaudhi watu: kwenye mstari wa kutafuta uliandika nini?

Nilimuuliza hivyo kijana mmoja aliyekuwa na mchoro wa namna hiyo. Akafungua kompyuta bila wasiwasi, akanionyesha. Alikuwa ameandika `walimu`. Basi. Nikamwomba aache kuhesabu, atuchapie mistari yenyewe tuisome. Ya kwanza ilikuwa ya walimu kweli, wa shule za msingi. Wa tatu ukasema wananchi "walimuuliza" mkuu wa wilaya. Chini yake kidogo, "walimuomba". Tukashuka zaidi, tukafika kwa majambazi ambao "walimuua" mlinzi. Wote hao walikuwa ndani ya ile nguzo ya bluu, wamevaa vitambulisho vya ualimu.

Kompyuta haikukosea hata chembe. Iliambiwa itafute w, a, l, i, m, u zikifuatana, ikazileta popote zilipo. Kwako wewe na mimi, "walimu" ni watu wenye chaki, na "walimuuliza" ni sentensi nzima iliyofungwa kwenye neno moja: wao, zamani, yeye, uliza. Tunazitofautisha bila kujua kwamba tunazitofautisha. Mashine haina masikio hayo. Inaona ushanga, ushanga, ushanga, na haijui shanga ipi imeanza mkufu mwingine.

Dawa ya kwanza kila mwenye kujua regeksi, ile lugha fupi ya alama za kuieleza kompyuta itafute nini, ataitaja usingizini: weka mpaka wa neno pande zote mbili.

`\bwalimu\b`

Sasa "walimuuliza" ametoka, maana baada ya "u" kuna herufi nyingine na mpaka haupo. Lakini na "mwalimu" hayumo. Hayumo "waalimu", kama wazee wengi wanavyoandika hadi leo, wala "ualimu", wala "Walimu" mwenye herufi kubwa anayeanza sentensi. Tumewafukuza wauaji, lakini nusu ya chumba cha walimu iko nje. Kwa hiyo tunarudi kwenye sarufi ya darasa la nne, ngeli ya kwanza, umoja na wingi, tunaandika:

`\b(mw|wa?|u)alimu\b`

Kiulizo baada ya "a" kinasema herufi hiyo iwepo au isiwepo, yote sawa. Mabano na vistari wima vinasema chagua mojawapo. Ruwaza hii, yaani fomula ya kutafutia, inawapata mwalimu, walimu, waalimu na ualimu, na hakuna aliyeulizwa wala aliyeuawa anayepenya. Programu nzima yenyewe ni hii, na `re.I` humo inasema herufi kubwa na ndogo ni sawa:

```
import re

with open("hansadi.txt", encoding="utf-8") as faili:
    for mstari in faili:
        if re.search(r"\b(mw|wa?|u)alimu\b", mstari, re.I):
            print(mstari, end="")
```

Itazame ile `r` ndogo kabla ya alama za kunukuu. Ukiisahau, Python, lugha iliyoandikiwa programu hii, inaisoma `\b` kama herufi ya kurudi nyuma, ile ya kitufe cha kufutia, wala si mpaka wa neno. Haitalalamika. Itatafuta faili zima neno lililobanwa katikati ya herufi mbili zisizoonekana, itakosa, itanyamaza. Ukiandika `re.match` badala ya `re.search`, itaangalia mwanzo wa mstari tu, na hapo pia itanyamaza. Hiyo ndiyo tabia ya chombo hiki ninayotaka kuishikia bango: kikikosa hakikuambii kimekosa vipi. Sifuri ya "hakuna" na sifuri ya "umeniuliza vibaya" zinafanana kama mapacha.

Na kuhesabu nako kuna mtego wake. `grep -c`, amri ya kutafuta ambayo wengi huikimbilia, huhesabu mistari yenye neno, haihesabu neno. Mbunge akitaja walimu mara nne ndani ya mstari mmoja, umepata moja. Mstari wenyewe ni nini kwenye Hansadi? Ni upana wa ukurasa wa PDF, bahati nasibu ya aliyepanga kurasa. Ukihamia kwenye magazeti ya zamani yenye safu nyembamba, ambako neno lilikatwa "wa-" likamaliziwa "limu" mstari wa chini, programu inayosoma mstari mmoja mmoja haitaliona kamwe.

Mzizi wa zana hii ni hesabu tupu. Stephen Kleene, mwanahisabati Mmarekani, aliieleza miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mitandao ya neva iliyochorwa kwenye karatasi. Kile kinyota (`*`) cha kurudiarudia tunachokiandika leo bado huitwa kwa jina lake. Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta Ken Thompson akachapisha njia ya kuifanya kompyuta itafute kwa ruwaza hizo, akaiingiza kwenye kihariri cha maandishi, na humo ndani kulikuwa na amri ya kupita faili lote na kuchapa kila mstari unaolingana: `g/re/p`. Ndiyo grep hiyo, jina lake ni amri yake. Baadaye, Desemba 1987, Larry Wall akatoa Perl, lugha iliyoifanya regeksi kuwa kitu cha kila siku mikononi mwa watengenezaji wa programu, na lugha nyingi zilizofuata, Python ikiwemo, zimechukua kwake namna ya kuiandika.

Wall hakuanzia kwenye kompyuta peke yake. Yeye na mkewe walisomea isimu wakikusudia kuitafuta lugha isiyoandikwa, pengine huku Afrika, waitungie maandishi na kuitafsiria Biblia. Afya ikakatisha safari hiyo. Huwa nawaza kuhusu safari ile nikiwa usiku na faili la Kiswahili linalonigomea. Kama angefika kijijini, akakaa na wazee, akawasikia wakisema "ng'ombe" mara mia kwa siku, sijui `\w` ingekuwaje.

Maana `\w` ndiyo herufi ya neno: a hadi z, namba, mstari wa chini, na kwenye Python ya leo herufi za lugha zote za dunia. Alama ya king'ong'o chetu, ile ya ng', haimo. Mpe Python neno hili:

```
re.findall(r"\w+", "ng'ombe wa ng'ambo")
```

Atakurudishia vipande vitano: `ng`, `ombe`, `wa`, `ng`, `ambo`. Mara yangu ya kwanza kutengeneza orodha ya maneno yanayotumika zaidi, "ng" ilikaa juu kabisa, karibu na "ya" na "na", na mimi nikaiacha siku nzima nikidhani ni kifupisho. Anayeandika Kiingereza na Kiswahili anajua alama ile kwa Waingereza ni ya ufupisho au umiliki. Kwetu ni sehemu ya herufi. "Ng'oa" ni kung'oa jino, "ngoa" ni wivu. Ukiikata alama umebadilisha neno.

Kibaya zaidi, alama yenyewe haina sura moja. Kibodi ya kompyuta hutoa ile iliyosimama wima, ambayo namba yake kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, ni U+0027. Word na simu huipinda bila kukuuliza, ikawa U+2019. Kuna na U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi kamili, na hiyo pekee ndiyo `\w` huipitisha; lakini sijawahi kukutana na mtu anayeichapa kwa mkono. Faili moja la Hansadi laweza kuwa na ng'ombe wa aina mbili, na utafutaji wa aina moja hauioni nyingine. Ruwaza ninayoitumia mimi ni hii:

`\w+(?:['’]\w+)*`

Inadai herufi kila upande wa alama, kwa hiyo neno lililofungwa kwenye alama za kunukuu halibebi alama hizo. Wapenzi wa tenzi watanisuta, kwa sababu mshairi akiandika 'kisema kwa maana ya akisema, alama yake ya mwanzo inadondoka. Wana haki. Ila Bungeni hawasemi kwa vina.

Unaweza kusema ng'ombe mmoja aliyekatwa vipande haidhuru nchi. Haya, tuingie mahali panapodhuru. Mtu anataka kujua nani kasema nini, siyo jumla tu. Hansadi humtambulisha msemaji kwa herufi kubwa mwanzoni mwa mstari, kisha nukta mbili: MHE. fulani, au SPIKA, au MWENYEKITI. Mtengenezaji wa programu anaandika:

`^[A-Z. ]+:`

Kofia ni mwanzo wa mstari, kisha herufi kubwa, nukta na nafasi, kisha nukta mbili. Inafanya kazi uzuri. Anajaribu ukurasa wa kwanza, wa pili, anafurahi, analala. Sasa anasimama mbunge ambaye jina lake la Kisukuma linaanza na NG'W. Alama ya king'ong'o haimo kwenye mabano ya mraba. Mstari wake haulingani. Programu haisemi "huyu simjui". Inaendelea kuamini kwamba aliyezungumza kabla yake bado anazungumza. Hotuba nzima ya mbunge wa watu wa Usukuma inaandikwa kwenye jina la mwingine, pengine mpinzani wake, na huyo mwenye NG'W anaonekana kwenye mchoro kama mtu aliyekaa muhula mzima bila kufungua kinywa.

Tiba ni kuongeza `'’-` ndani ya mabano. Sekunde tatu za kazi. Lakini hakuna atakayeiongeza mpaka awe amesoma mistari iliyoachwa, na iliyoachwa haionekani. Kipindi cha maswali nacho kina mtindo wake: mbunge "aliuliza:-" na waziri "alijibu:-" kwa herufi ndogo, na cheo cha naibu waziri wa wizara yenye jina refu kinamwagika hadi mstari wa pili pamoja na mikato yake. Ruwaza ile ya juu inawapita wote hao.

Makofi nayo. Hansadi huandika (Makofi) pale wabunge wanaposhangilia, na ni kishawishi kikubwa kuhesabu nani kashangiliwa zaidi. Mabano ya duara kwenye regeksi ni ya kufunga kundi, hayatafutwi yenyewe mpaka uyatangulizie mkwaju unaoelemea nyuma. Ukiandika `(Makofi)` ukaongeza na ruhusa ya herufi ndogo, umemhesabia ushangiliaji mbunge aliyekuwa akilalamika mwanafunzi kapigwa makofi na mgambo. Ukiandika `\(Makofi\)` umekosa (Makofi/Kicheko). Ukiandika `\(.*Makofi.*\)`, ile nukta (herufi yoyote) na kinyota (mara zozote) ni walafi: wanaanzia kwenye bano la kwanza la mstari, hata kama ni la (2019/2020), wanameza hadi bano la mwisho, na shangwe mbili za mstari mmoja zinakuwa moja. Yenye adabu ni `\([^)]*Makofi[^)]*\)`, yaani chochote ambacho si bano la kufunga.

Hapa wenzangu wa kompyuta hunigeuzia kibao: basi regeksi haifai kwa Kiswahili, tumia akili bandia. Nakataa. Kiswahili ni lugha iliyozaliwa kwa ajili ya ruwaza. Kitenzi chetu kimepangwa kama mabehewa: nafsi, wakati, mtendwa, mzizi, mnyambuliko. Kwa kitenzi soma:

`\b(ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|me|ta)(ni|ku|m|tu|wa|ki|vi|i|zi)?som\w*`

Mstari huo mmoja unashika anasoma, walikisoma, tutamsomea, nimezisomesha, mamia ya maumbo ambayo Mwingereza angehitaji maneno kadhaa kwa kila moja. Ukisoma matokeo utagundua "wanasomba" mchanga nao wameingia, kwa sababu somba huanza na som, unaongeza sharti la kutazama mbele, `som(?!b)`, yaani isifuatwe na b, malori yanaondoka. Ukisoma tena unakuta hawakusoma, aliyesoma na akisoma hawamo: ukanushaji, urejeshi, na -ki- ya masharti hatukuwapa behewa. Unawapa. Kila raundi unajifunza sarufi ambayo unaisema tangu utotoni.

Na hili si wazo langu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alishachapisha mwaka 1992 uchanganuzi wa maumbo ya maneno ya Kiswahili kwa kompyuta, akitumia mbinu ya ngazi mbili ya Mfini mwenzake Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983. Chini ya mbinu ile kuna mashine zilezile za Kleene. Kazi hiyo ikakua kuwa SALAMA, mfumo mzima wa kuchanganua Kiswahili. Miaka zaidi ya 30 imepita, na darasani kwetu regeksi bado inafundishwa kwa zoezi la kukagua kama anwani ya baruapepe ni halali. Mwanafunzi wa Morogoro anamaliza kozi bila kuambiwa kwamba kitenzi alichokitamka asubuhi hiyo ni mfano bora kuliko baruapepe zote.

Inapogoma ni kwa vitenzi vya silabi moja. Kula: mzizi wake ni "l" peke yake. "Hali" ni mtu asiyekula au ni hali ya hewa? "Wale" ni watu wale, au waacheni wale? Hakuna ruwaza itakayoamua, kwa kuwa herufi ni zilezile na tofauti iko kwenye sentensi. Huko ndiko nitakubali zana nyingine iitwe, na hata hiyo nitaidai ushahidi.

Kuna wanaoiogopa regeksi kwa sababu nyingine, ile inayojulikana sana. Tarehe 2 Julai 2019 kampuni ya Cloudflare, inayolinda na kuharakisha tovuti, ilisambaza kanuni mpya yenye ruwaza moja mbovu, yenye nukta-kinyota zilizorundikana, na seva zake duniani kote zikamaliza nguvu zote za kichakato zikijaribu kila namna ya kuigawa mistari. Tovuti chungu nzima zikaanguka kwa dakika 27. Njia ya Thompson ya mwaka 1968 isingeanguka hivyo, ila mitindo ya Perl na Python hurudi nyuma na kujaribu tena. Ni kisa kizuri cha kutishia wanafunzi. Lakini ruwaza ile ilikuwa na heshima zake: ilianguka kwa kishindo, dunia nzima ikajua ndani ya dakika chache. Ruwaza ya `walimu` haijaangusha seva yoyote. Imetoa namba, namba imechorwa, mchoro umesomwa redioni.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Anayetangaza kwamba neno fulani limetajwa mara kadhaa Bungeni, gazetini au kwenye hotuba za kampeni, aiweke ruwaza yake chini ya mchoro, herufi kwa herufi. Aseme alihesabu mistari au maneno. Aweke na mistari 20 iliyopatikana, isichaguliwe, na mistari 20 yenye herufi zinazofanana ambayo ruwaza iliikataa. Wahariri wa habari wanadai jina la chanzo kwa kila nukuu. Hiki nacho ni chanzo, tena chanzo kisichojua kusema "sina uhakika".

Nilirudi kwa yule kijana na ruwaza iliyonyooka. Wauaji wametoka, waalimu wa mtindo wa zamani wameingia, namba imekaa sawa. Tukachapa mistari, tukasoma. Wa kwanza ulikuwa juu ya Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Wa pili, Bwawa la Mwalimu Nyerere. Tukaongeza sharti la kutazama mbele, `(?!\s+(Julius|Nyerere))`, tukaiendesha upya. Wa kwanza sasa ukasema Mwalimu alituachia nchi yenye umoja. Kijana akaniangalia, akavuta kiti karibu, tukaanza kuipitia mmoja mmoja kwa macho.